Juzuu ya M ya Pili

4 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha. Mimi sijambo. Miwani yangu imevunjika mkono mmoja, nimeufunga kwa gundi ya plastiki, na pale ofisini wananiita Fundi Asiyejitengeneza. Siku nzima natunza kompyuta za ofisi ya ramani, vitu vyangu mwenyewe vinaning'inia.

Mama ameniambia kompyuta yako inakoroma. Ndiyo maana nakuandikia mapema, maana simu ya Jumapili inaishia kwenye salamu. Nauliza kitu kimoja tu: furushi la Ijumaa bado linafungwa?

Nikukumbushe nilivyoipanga nilipokuja likizo. Kila Ijumaa saa sita mchana kompyuta yako inakusanya juzuu zote thelathini na moja za kamusi, inazibana ziwe faili moja dogo la zipu, inaliandika tarehe na kuliweka kwenye ile diski nyeusi. Yanakaa mafurushi manane tu. Likiingia jipya, la zamani kuliko yote linajifuta, ili diski isijae. Maandishi yakibanwa yanasinyaa sana, Mjomba. Kamusi nzima ninayo hapa kwenye flashi iliyofungwa pamoja na funguo zangu za nyumba.

Usinione msumbufu. Kamusi ile si yako peke yako. Nilianza kukusomea nikiwa na miaka tisa, nikamaliza nikiwa na kumi na tisa, wewe ukichapa nukta za breli na mimi nikikausha koo. Ikipotea, hakuna wa kuanza upya. Wewe huna miaka kumi mingine ya kuchapa, na mimi sina koo jingine.

Msalimie katibu muhtasi na wanafunzi wako wote.

Mpwa wako,
Chiriku

10 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia sauti yako, ingawa nimesomewa barua na Bibi Kitufe, ambaye hana furaha hata kidogo. Huyo ni yule mama wa ndani ya kompyuta anayenisomea skrini. Nimempa jina kwa sababu ya hilo furushi lako, na sasa nitakueleza, usinikasirikie.

Furushi linafungwa, nalisikia kila Ijumaa, mashine inaguna halafu inatulia. Tatizo langu ni kulifungua. Siku moja nilitaka kuingia nione kama kweli juzuu zangu zimo. Dirisha likafunguka, nikaanza kupapasa kwa kibodi. Bibi akasema: kitufe. Nikasogea. Kitufe. Nikasogea tena. Kitufe. Kitufe cha nini, mama? Kitufe. Nilizunguka humo kama mtu aliyefungiwa stoo, mwisho nikazima mashine nikaenda kunywa chai.

Kwa hiyo mimi nina yangu. Kila Jumamosi asubuhi nachomeka diski nyekundu, ile niliyoizungushia mpira mwembamba ili vidole viijue, na nanakili juzuu moja moja, zote thelathini na moja, jinsi zilivyo. Bibi ananitajia kila jina. Akiuliza nibadilishe ya zamani, nasema ndiyo. Nikiitaka K naigusa K, nikiitaka N naigusa N. Kitabu kinabaki kitabu, hakijakunjwa wala kukamuliwa. Wewe una macho, unaweza kuamini kitu kilichofungwa. Mimi nisichokigusa hakipo.

Sasa habari yenyewe. Juzuu za karatasi tulizochapa miaka kumi na miwili iliyopita zimechoka. Nukta zimebonyezwa na vidole vya watoto mpaka zimekuwa bapa. Juzi binti mmoja wa darasa la sita aliniambia, "Mwalimu, hapa maneno yamelala." Nikapapasa, kweli, ukurasa mzima umelala. M ndiyo imeumia zaidi, maana kila mtu anatafuta neno kwenye M.

Nimepigania na nimepata. Shule ya jirani itatuazima mashine yake kubwa ya kuchapa breli, kuanzia tarehe 2 Mei, siku kumi tu, kisha inakwenda kwingine. Tutachapa seti sita. Na mwisho wa Juni mimi nastaafu na kukabidhi ufunguo wa chumba hiki. Nataka niondoke nikiacha kamusi inayosomeka kwenye rafu. Sina ombi jingine duniani kwa sasa, hata goti nimelisamehe.

Jambo dogo la mwisho: diski zinajaa. Rekodi zako za kunisomea, zile tulizohamisha kutoka kwenye kanda, zinakula nafasi kuliko kamusi yenyewe. Sijazifuta. Huwa nazisikiliza mchana baada ya vipindi. Ulikuwa unasoma mbio kama unafukuzwa.

Mjomba wako

18 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na hongera ya mashine! Niliposoma hiyo habari nilipiga kelele ofisini mpaka mkubwa wa kazi akatoa kichwa mlangoni.

Sasa niombe radhi. Leo wakati wa chakula nilijifunga skafu machoni, nikawasha programu ya kusoma skrini, nikajaribu kufungua furushi langu mwenyewe. Wenzangu walisimama kunizunguka wakila na kucheka. Kitufe. Kitufe. Kitufe. Nilitoka jasho. Baada ya robo saa nilikuwa nimefungua kikokotoo na sijui nilifikaje huko. Mjomba, nimekuwekea chumba kisicho na mlango na nikakusifia kuta zake. Miaka yote niliyokuwa macho yako, sikuwahi kufumba yangu hata dakika moja nikajua unakutana na nini. Nisamehe sana.

Ila kwa Jumamosi zako sitanyamaza. Nakala ya moja kwa moja ni nzuri kwa haraka, nakubali. Inafunguka popote, na faili moja likiharibika mengine yanabaki. Lakini inanakili na makosa. Ukiharibu kitu Jumanne bila kujua, Jumamosi unakinakili kikiwa kimeharibika, kwa mkono wako mwenyewe, na kile kizuri kilichokuwa kwenye diski nyekundu kinafunikwa. Furushi lina tarehe. Linakumbuka kamusi ilivyokuwa wiki tano zilizopita, hata kama wewe umesahau.

Basi tusigombane. Weka vyote viwili. Diski nyekundu iwe yako, nyeusi iwe yangu. Naomba tu usiiguse nyeusi, hata kama nafasi imekuwa finyu. Rekodi zangu ndizo uzifute ukibanwa kabisa. Maandishi yanabanika, sauti hazibaniki kwa lolote la maana, na mimi mwenyewe nipo hai, nitakusomea tena ukitaka.

Mpwa wako,
Chiriku

21 Machi

Chiriku,

Hujambo? Nimecheka mpaka katibu muhtasi akaja kuuliza kama ni kikohozi. Ningependa kuwepo hiyo siku ya skafu, nikuongoze kwa fimbo.

Asante. Sikuwa nakulaumu, lakini nilivyosikia maneno yako kuna kitu kililainika moyoni mwangu. Watu wengi wamenitengenezea vitu maishani. Waliorudi kujaribu kama vinafaa ni wachache, naweza kuwahesabu kwa mkono mmoja na vidole vikabaki.

Nitaiacha nyeusi. Nakiri nilikuwa nimeshamwambia katibu muhtasi aifute ili nihamishie sauti yako humo. Alikuwa anakuja kesho.

Ila nijibu na hili: furushi lako likipata tundu moja, si linakataa lote? Fikiria hilo ukimaliza kubandika miwani.

Mjomba wako

20 Aprili

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima. Ningekupigia simu, lakini sauti yangu haitanisaidia leo, kwa hiyo nachapa, kwa kompyuta ya katibu muhtasi.

Kompyuta yangu imekufa. Juzi Alhamisi ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua ikazima, na fundi wa mjini anasema hata vilivyomo ndani yake havitoki tena. Sikushtuka. Jana nilibeba diski nyekundu kwa majivuno, nikamwambia katibu muhtasi, kaa uone kazi. Bibi Kitufe nimemweka kwenye flashi, nikamwasha hapa, nikafungua juzuu moja baada ya nyingine. A, nzima. B, nzima. Kila moja nzima, mpwa wangu, nilikuwa navimba kichwa.

Nikafika M ya pili, ile inayoanza na mf na kuishia na ms. Bibi akasema: tupu. Nikashuka mstari. Tupu. Nikaenda mwisho wa faili. Hakuna mwisho, kwa sababu hakuna mwanzo. Kurasa mia nne na kitu za M hazipo, kuna nafasi moja tu, basi.

Nilimuomba katibu muhtasi asome tarehe ya mwisho faili lilipobadilishwa. Jumanne, 27 Februari. Hapo nikakumbuka, na tangu nikumbuke sijala vizuri.

Siku hiyo nilitaka kusikiliza M ya pili yote, nikinywa chai. Nikachagua maandishi yote ili Bibi anisomee. Mlango ukagongwa, mzazi mmoja kaja. Nikataka Bibi anyamaze, nikabonyeza kile kitufe kirefu cha chini. Unajua kwa nini? Kwa sababu ndicho ninachobonyeza nikitaka kukunyamazisha wewe kwenye rekodi zako. Miaka yote hiyo kidole kimezoea. Bibi alinyamaza kweli, kumbe na maandishi yote niliyoyachagua yamefutika. Mzazi alipoondoka nikafunga kazi, nikaulizwa nihifadhi mabadiliko, nikasema ndiyo, kama kawaida yangu. Jumamosi nikainakili. Nikaulizwa nibadilishe ya zamani. Nikasema ndiyo.

Ulinionya, neno kwa neno. Kumbe ulipokuwa unaandika nilikuwa nimeshafanya.

Juzuu ya zamani ya karatasi haisaidii, nusu yake imelala kabisa. Kusoma upya kile kitabu cha maandishi ya kawaida ulichonisomea na kuchapa ni miezi, na mashine inakuja baada ya siku kumi na mbili. Kamusi isiyo na M ya pili nitawapaje watoto? Ndicho kitu cha mwisho nitakachowaachia, na nimekitoboa katikati kwa kidole changu mwenyewe.

Nyeusi ipo hapa mezani, sijaigusa. Naogopa kuigusa.

Mjomba wako aliyeishiwa maneno

20 Aprili, jioni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tafadhali kaa chini, kula kitu, halafu unisikilize.

Kwanza, wewe si mzembe. Ningekuwa mimi ningebonyeza kitufe hichohicho. Pili, nina aibu ya kukupa. Nilipomaliza kusoma barua yako nilikimbilia flashi yangu ya kwenye funguo, ile niliyojivunia. Furushi limekataa kufunguka. Flashi imegongana na funguo mwaka mzima, imepata kasoro sehemu moja, na kwa sababu ya sehemu hiyo moja limekataa lote, kama ulivyosema. Nimejaribu kila ujanja ninaoujua. Kumbe sote wawili tulikuwa na haki, na sote tumeumbuka.

Limebaki tumaini moja, ile diski nyeusi. Usiingie kwenye lile dirisha la vitufe. Ichomeke kwenye kompyuta ya katibu muhtasi, fungua folda, mwache Bibi akutajie majina ya mafurushi. Kila moja linaitwa kwa tarehe yake. Tafuta la kabla ya tarehe 27 Februari. Likiwepo, linakili kwanza kwenye kompyuta hiyo, tusifanyie kazi la asili. Kisha simama juu ya nakala na ubonyeze kitufe cha menyu, kile kilicho upande wa kulia wa kitufe kirefu, jirani na cha pembeni kabisa. Hapo Bibi huwa anaongea vizuri, nimejaribu sasa hivi nikiwa na skafu, mara tatu. Shuka kwa mshale mpaka aseme "Toa hapa." Bonyeza ingiza. Subiri. Itatokea folda ya kawaida yenye juzuu za kawaida, unazoweza kuzigusa.

Sitakuambia kuwa lipo. Sina hakika. Nimehesabu Ijumaa kwa vidole mpaka nimechanganyikiwa. Niandikie vyovyote itakavyokuwa.

Ninakupenda, Mjomba. Hilo nalisema nje ya mambo ya mashine.

Mpwa wako,
Chiriku

22 Aprili

Chiriku!

Ipo! Salamu zitafuata, kwanza pokea habari: ipo!

Leo asubuhi katibu muhtasi alifunga mlango, akaweka kibandiko cha "Mkutano" nje, akakaa pembeni yangu bila kunigusa mkono, kama nilivyomwomba. Bibi akaanza: 12 Aprili. 5 Aprili. 29 Machi. Akawa anarudi nyuma wiki baada ya wiki. 8 Machi. 1 Machi. Nikajua bado moja tu au hakuna. Akasema: 23 Februari. Halafu akasema: mwisho wa orodha.

Nikanakili. Nikabonyeza menyu. Nikashuka. "Toa hapa," akasema, kwa sauti tamu sijapata kuisikia kwake. Nikafungua M ya pili. Miongoni mwa maneno ya mwanzo akasoma "mfadhaiko". Nikamwambia hilo nimeshalijua, endelea. Akaendelea, "mfadhili". Hapo nililia, na katibu muhtasi akalia, tukawa wawili tunalia mbele ya kompyuta na mkutano wetu.

Nimeinakili M ya pili kwenye diski nyekundu, moja kwa moja, ikiwa wazi. Kisha nikamwomba katibu muhtasi anifungie furushi jipya. Nimeomba mwenyewe, sijashurutishwa. Andika hilo mahali.

Mwenyezi Mungu akulipe kwa kila kitu. Kwa skafu hasa. Bila ile barua, nyeusi ingekuwa imefutwa tangu Machi.

Mjomba wako

23 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo na asante Mungu. Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa.

Sasa nikuonyeshe kitu. Mafurushi yanayokaa ni manane. Kompyuta yako ilikufa Alhamisi tarehe 18. Ingeishi siku moja tu zaidi, Ijumaa saa sita mchana ingefunga furushi jipya na kulifuta la zamani kuliko yote. La zamani kuliko yote lilikuwa la 23 Februari. Nilipolielewa hilo nilienda kunawa uso. Ile mashine tuliyoitukana kwa kukoroma ilikufa kwa wakati wake, na namba nane niliichagua mimi, kwa ubahili wa nafasi. Kompyuta mpya ikipatikana nitaupanga upya, mafurushi yakae mwaka mzima.

Kwa kuwa ni siku ya kushukuru, naona ni siku ya kukiri pia. Kabla hamjachapa, tafadhali fungua neno "mpwa" kwenye juzuu hiyohiyo.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ilikuwa likizo, wenzangu walikuwa wanacheza uani na mimi niko ndani nakusomea M. Nilisikia mpira ukigonga ukuta. Nikafika kwenye "mpwa", nikasoma maana yake kama ilivyo kitabuni, mtoto wa dada, kisha nikaongeza la kwangu bila kubadilisha sauti: "humsomea mjomba wake mpaka koo likauke." Nikasikia vidole vyako vinachapa. Nilitaka kucheka, halafu nikaogopa, halafu tukawa tumefika "mpya" na sikuweza tena kurudi. Kila mwaka nilijiahidi kukuambia. Ikachapwa, watoto wakaisoma, na mimi nikapanda ndege nikaenda zangu.

Ulikuwa unaniamini kwa kila neno, nami nilikutilia uongo kwenye kazi ya maisha yako. Ifute, Mjomba, na unisamehe. Nilikuwa nimechoka, ila leo sioni miaka niliyoipenda kuliko ile. Kusoma kwa makini, kuvumilia jambo refu, kurudia bila kununa, vyote nilivijifunza kwenye kile kiti cha kamba pembeni yako, na ndivyo vinavyonilisha hadi leo.

Mpwa wako mkosaji,
Chiriku

20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Ni karibu mwezi sasa sijapata barua. Mama anasema u mzima, unashinda chumba cha mashine na hutaki kushika simu hata Jumapili. Mashine imeshaondoka, nadhani. Mmechapa?

Kama umekasirika kwa lile neno, una haki. Niambie tu. Kimya chako kinaniumiza kuliko ukali.

Chiriku

3 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo? Mimi sijambo sana, ila vidole vimevimba kwa karatasi. Nilikuwa nahakiki, ukurasa kwa ukurasa, seti sita, na niliapa sitaandika barua kabla sijagusa nukta ya mwisho. Nimeigusa jana. Nisamehe kwa kimya. Nikishika kazi sishiki kingine, unanijua.

Zimechapwa zote. Zimejaa rafu mbili, na harufu ya karatasi mpya imejaa chumbani. Yule binti wa darasa la sita alishika M, akapitisha kidole, akasema, "Mwalimu, yameamka." Nikatoka nje kidogo.

Sasa neno lako. Chiriku, unadhani mimi sikujua?

Ulivyokuwa unasoma, nilikuwa najua pumzi zako zote. Ukichoka ulishusha mwisho wa sentensi. Ukitaka kukojoa uliharakisha. Siku ile ulisoma "mtoto wa dada" kwa sauti ya kitabu, kisha ukaendelea kwa sauti ya mtu aliyebana kicheko kwenye shavu. Kamusi haina shavu. Mikono yangu ilisimama kidogo, ila hukuona, ulikuwa unaangalia dirisha. Nikasikia mpira ukutani. Nikajua nilichokuwa nakunyang'anya, na sikuwa na ujasiri wa kukuambia nenda kacheze, kwa sababu ungeenda, na mimi ningebaki na M. Basi nikachapa kama ulivyosema. Niliona ni haki yako kuandikwa.

Wanafunzi wamelijua neno hilo miaka kumi na miwili. Huwa wanaonyeshana wapya wanapofika. Wengine wameniuliza huyo mpwa ni nani, nami huwajibu, na hivyo ndivyo watu ambao hawajawahi kukuona wanavyokufahamu. Maana ya kweli ipo palepale mbele, hakuna aliyefeli mtihani kwa ajili yako.

Ulinifundisha kuwa nakala ya moja kwa moja inanakili na makosa. Hilo kosa nimelinakili kwa makusudi. Limo kwenye seti zote sita.

Mwisho wa mwezi nakabidhi ufunguo kwa mwalimu mpya. Nitamkabidhi na diski zote mbili, nyekundu na nyeusi, na nitamwambia habari ya kitufe kirefu. Rekodi zako nakwenda nazo nyumbani.

Nimekutumia karatasi moja kwa posta, ya kutoka M ya pili, lakini si ile unayoifikiria. Vidole vyako bado vinakumbuka nukta?

Mjomba wako

26 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, na leo sina la kuuliza kuhusu mashine.

Bahasha imefika, kubwa, haikuingia kwenye sanduku la barua, jirani ndiye aliyenipokelea. Nimekaa mezani, nimefunga ile skafu, maana kwa macho niliona ni kama kuchungulia. Nilidhani nimesahau. Mistari mitatu ya kwanza ilinichukua muda kama darasa la kwanza. Kisha kidole kikashika njia.

Mjomba: ndugu wa kiume wa mama, huchapa kila anachosomewa na mpwa wake, na humshukuru.

Nimelisoma mara nyingi, mpaka nikaanza kuhofia nitalibonyeza lilale. Karatasi nimeiweka kwenye kabati, ndani ya kitabu kigumu, haijakunjwa. Sikuibana popote.

Pumzika sasa. Mwezi wa nane nakuja likizo, na mchana, ukimaliza chai, nitakaa kwenye kile kiti na kukusomea chochote unachotaka. Ukichoka, sema tu.

Mpwa wako